Mama hataki kwenda Conwy, na mimi nimeshalipia

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni binti wa Mji wa Kale, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa 14 hapa Manchester. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miaka 12. Kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee, na zamu zangu nyingi ni za usiku.

Mamangu ana miaka 73. Baba alipofariki nilimwahidi mama kuwa nitamleta huku akae nami walau miezi miwili. Ahadi hiyo imenichukua miaka mitano. Viza ilikataliwa mara ya kwanza, pesa za tiketi zikaliwa na karo ya mdogo wangu, kisha mama akaugua magoti. Mwaka huu Mungu akajalia. Alifika mwanzoni mwa Septemba na atarudi nyumbani tarehe 20 Novemba.

Nilijiapiza kwamba safari hii lazima aone kitu. Sikutaka arudi Mombasa, watu waje kumpa mkono na kumuuliza Ulaya kukoje, naye awe hana la kusema ila jiko langu na dirisha la sebuleni. Mwenzangu wa kazini, mama mmoja mtu mzima aliyezaliwa Wales, akaniambia kuhusu mji wa Conwy, huko huko Wales: mji mdogo umezungukwa na ukuta wa mawe, ngome imesimama mlangoni, na chini yake mto unaingia baharini na mashua zimefungwa gatini. Nilipoona picha machozi yalinitoka. Ule ukuta, yale maji, zile mashua! Nikajiona nimesimama Ngomeni, pale Fort Jesus, nikitazama upande wa English Point, ng'ambo ya maji. Babu yangu, babake mama, alikuwa mvuvi wa Bandari ya Kale. Nikasema, hapa ndipo pa kumpeleka mama.

Basi nikapanga wikendi ya kwanza ya Novemba. Nikaomba siku mbili kazini, nikapewa kwa shida. Nikalipia vyumba viwili, ghorofa ya pili, na pesa hiyo hairudishwi. Nikaandika ratiba nikaibandika kwenye mlango wa friji: Jumamosi natoka zamu saa 2 asubuhi, naingia garini moja kwa moja, saa 5 ngome, saa 7 kuzunguka juu ya ukuta, saa 9 ile nyumba ya kale ya Plas Mawr, jioni Llandudno. Jumapili Caernarfon, halafu Beaumaris, halafu nyumbani usiku.

Mama akaisoma ile karatasi taratibu, akauliza, "Hii ni pesa ngapi ya kwetu?" Nikamwambia. Akanyamaza. Usiku akasema, "Nendeni nyinyi. Mimi nitabaki nilinde nyumba."

Nimembembeleza, amekataa. Mara magoti, mara baridi, mara atatuchelewesha. Kwa jumla kutoka nje hataki sana, tangu ile Jumamosi ya mwanzo tulipokwenda madukani akabanwa na haja, vyoo vikawa mbali, tukawa hatuna budi kukimbizana. Lakini hilo nafikiri alishalisahau.

Bi Mshauri, hapa ndipo nilipokosea. Niliudhika nikamwambia, "Kama ulikuja kukaa dirishani, si ungekaa dirisha lako la Mombasa?" Mama hakunijibu. Akainuka, akatia udhu, akasali. Mpaka leo ananisemesha vizuri kama kwamba sikusema kitu, na hiyo ndiyo inayonichoma zaidi.

Siku ya pili nimelala mchana, nikaamka kwenda kunywa maji, nikamsikia chumbani akimtumia dada yake ujumbe wa sauti. Alisema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Ataka kunipeleka nikaone ngome. Ngome nimeiona tangu kuzaliwa. Mwanangu ndiye sijamwona."

Nilirudi kitandani, usingizi haukuja tena.

Mume wangu anasema tumwache, mama ni mtu mzima, twende sisi watatu au tusiende kabisa. Mwanangu naye alikuwa anaisubiri hiyo ngome, na ndiye pekee aliyefurahi. Yeye na nyanya yake hata hawazungumzi sana. Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, na mama huishia kumtabasamia tu. Zimebaki wiki tatu. Nimlazimishe mama, nimwache nyumbani, au nifute safari na pesa ipotee?

Binti wa Mji wa Kale, Manchester

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama penye maneno ya mama kwa dada yake. Umeyaandika mwishoni kama jambo la kukuumiza. Mimi nayaona ndiyo majibu yenyewe, na ameyatoa yeye kabla yangu.

Hebu hesabu. Wiki sita mama yuko kwako. Katika hizo, ni mara ngapi umekaa naye kitako, mmekula sahani moja, bila ya wewe kutazama saa? Unafanya kazi usiku, unalala mchana. Mama anashinda ndani ya nyumba yenye mtu aliyelala. Bila shaka anatembea kwa ncha za vidole, anafungua bomba kidogo kidogo, anazima redio, usije ukaamka. Halafu unatoka chumbani jioni umeshavaa sare ya kazi. Sikulaumu, kazi ndiyo iliyomlipia tiketi. Ila uone kile anachokiona yeye: mwanawe anawaosha na kuwalisha mama za watu usiku kucha, na wake anampitia mlangoni.

Kisha katika siku mbili ulizozipata, umeandika karatasi yenye ngome tatu, nyumba ya kale moja na miji minne. Mama akasoma akatafuta pale alipo yeye na wewe, hakupaona.

Kwa hiyo usimlazimishe, usimwache, na pesa yako isipotee. Karatasi ndiyo uitoe kwenye friji. Conwy mwende, tena Conwy peke yake.

Nianze na lile ulilolipitia haraka. Unasema suala la choo amelisahau. Hajalisahau, mwanangu. Mwanamke wa miaka 73, wa heshima zake, aliyekimbizwa madukani na mkwewe na mjukuu wake wanaona, halisahau hilo. "Nitalinda nyumba" maana yake ni kwamba nyumbani choo anakijua kiliko. Hatakuambia kwa mdomo, wala usimuulize mbele ya mumeo. Fanya tu. Njiani kuna vituo vya mafuta na vya kupumzikia, chagua kabla mtasimama wapi, umwambie, "Mama, tutasimama hapa na hapa." Mkifika mjini tafuteni mkahawa mmoja wenye choo cha chini, usio na ngazi, mkafanye ndiyo baraza yenu ya siku mbili. Kule vibao vimeandikwa Kiwelisi na Kiingereza, na neno la vyoo kwa Kiwelisi ni "toiledau". Mfundishe hilo kwanza kuliko yote. Leo hii piga simu mnakofikia, ulize kama wanaweza kuwabadilishia chumba kimoja kiwe cha chini. Ghorofa ya pili kwa magoti yale, nyumba za zamani za mji ule ngazi zake ni nyembamba na za kusimama wima. Wakikosa cha chini, ulizia nyumba nyingine ya jirani kwa ajili yako na mama, mumeo na mtoto walale kule mlikolipia.

La pili, usiendeshe gari ukitoka zamu ya usiku, wala usitegemee kusinzia kiti cha mbele kisha uamke uwe mwanawe mama. Utafika umechoka, na mchovu ndiye anayetamka maneno kama yale ya dirisha. Lala mpaka saa 6 mchana, mumeo aendeshe. Kutoka Manchester ni saa moja na nusu hivi hadi mbili, na mkikaribia Colwyn Bay barabara inakwenda na pwani, bahari iko mkono wa kulia. Gari likisumbua kuna treni, mnashuka Llandudno Junction, ng'ambo ya mto, na teksi inawavusha kwa dakika chache. Novemba jua linazama kabla ya saa 11 jioni, kwa hiyo Jumamosi hiyo mtawahi mwanga kidogo tu, nao unatosha.

Kuhusu pesa, mama alipouliza ni ngapi kwa shilingi na kunyamaza, alikuwa anahesabu umelala mara ngapi mchana kuipata. Usimwambie asijali. Mpe sehemu yake. Mwambie, "Mama, chakula cha njiani ni chako." Akukaangie mahamri, katlesi, aweke chai ya tangawizi kwenye chupa. Mtaokoa pesa kweli, maana mikahawa ya miji ya kitalii haina huruma, na yeye atakuwa ameingia katika safari kwa mikono yake. Mtakapotaka kitu cha kule, kuna mkate mtamu wa zabibu zilizorowekwa kwenye chai, unaitwa "bara brith", yaani mkate wenye madoa. Unaliwa na siagi. Ulizeni umetiwa mafuta gani kabla ya kula; vile vikeki vyao vya kuoka juu ya chuma zamani vilikaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na wengine wanavifanya hivyo hadi leo.

Sasa nikuambie ninapoujua mji wenyewe, kwa sababu nimefika mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na shangazi yangu mwenye fimbo.

Usimpeleke mama ngomeni kwanza. Mpeleke gatini. Ni pale pale chini ya ukuta, tambarare, kuna mahali pa kukaa, na hakuna kiingilio. Kabla ya kwenda tazama ratiba ya maji, kwa sababu Conwy maji yanajaa na kupwa sana. Sisi tulikuta yamekupwa. Mashua zimelala ubavu juu ya matope, kamba zimelegea, harufu ya mwani imejaa hewani, na shakwe wanatembea pale ambapo saa chache nyuma palikuwa na kina. Shangazi yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akaegemea fimbo akauliza, "Leo ni bamvua?", yaani siku ya maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Nilikuwa sijui. Akatazama alama ya maji kwenye jiwe la gati, ile mistari ya kijani na nyeusi, akajijibu mwenyewe. Tulikaa pale saa nzima. Akanieleza mambo ya babake na nyavu zake ambayo kwa miaka 40 sikuwahi kuyasikia.

Mamako ni binti wa mvuvi wa Bandari ya Kale. Muulize ya maji, uone.

Na Novemba ni msimu wa kome, wale wa gamba jeusi la bluu. Conwy wanajulikana kwa kome wao. Wavuvi wanawakwangua chini ya mto kutoka kwenye mashua ndogo kwa mti mrefu kama pondo, mwishoni una meno ya reki, na kazi hiyo bado ni ya mkono. Mkibahatika mtawaona wakirudi nao. Mama atataka kujua wanawapika vipi. Mwache amuulize mvuvi mwenyewe, wewe ufasiri tu.

Hapo hapo gatini kuna kijumba chekundu, ndicho kinachojulikana kuwa nyumba ndogo kuliko zote Uingereza. Upana wake ni mita 1.8 na kimo mita 3 na kitu. Mpangaji wa mwisho alikuwa mvuvi, Robert Jones, mtu wa futi 6 na inchi 3, ambaye ndani mwake hakuweza kusimama akanyooka, na alitolewa mwaka 1900. Kikiwa kimefunguliwa, mlangoni mara nyingi hukaa mwanamke amevaa kikwao, kofia nyeusi ndefu na shali. Mwambie mama kwamba wanawake wa Wales walikuwa wakibeba watoto wachanga kwa shali, wanaizungusha begani na kiunoni mtoto akabana ubavuni. Nina hakika atakuambia wewe ulibebwa kwa leso gani.

Lugha nayo ni mlango mwingine, na huu ni wa mama na mjukuu wake. Kiwelisi wanakisema watu kama 538,000 kwa sensa ya 2021. Wapo watoto wa umri wa mwanao wanaokisema nyumbani na shuleni, na Kiingereza chao ni safi vilevile. Mwache akisikie dukani kutoka kwa mtoto mwenzake. Halafu uwape hao wawili kazi ya kusoma vibao. Hapa mama atamshinda kijana, kwa sababu sauti nyingi zinazowatesa Waingereza sisi watu wa pwani tunazo mdomoni tayari. Herufi "dd" yao ni "dh" yetu ya dhahabu. Gari la polisi limeandikwa "heddlu", na mama atalisoma sawasawa. "Ch" yao ni "kh" ya kheri, ile iliyokolea. Asante ni "diolch", mwisho wake kama mtu anayesema "sheikh". Basi ni "bws", teksi ni "tacsi". Nyanya, kaskazini mwa Wales, ni "Nain", linatamkwa kama "nine" ya Kiingereza. Mtoto anayejibu kwa Kiingereza kwa sababu anaona haya ya kukosea Kiswahili hulegea akiona kila mtu anajikwaa pamoja naye katika lugha ya tatu. Nimeliona hilo kwa wajukuu wa ndugu zangu, na sijui dawa nyingine iliyo nzuri kama hiyo.

Ngome yenyewe ni ya Jumapili asubuhi, na ni ya baba na mtoto. Ndani ardhi ni ya mwamba isiyo sawa, minara ni minane mikubwa na ngazi zake ni za kuzunguka, nyembamba, zimelika katikati. Wao wapande hadi juu, waone ukuta unavyouzunguka mji karibu kilomita 1.3 na minara yake 21. Plas Mawr, nyumba ya tajiri Robert Wynn iliyojengwa kati ya 1576 na 1585, ni nzuri mno kwa plasta zake za nakshi, lakini nayo ni ngazi juu ya ngazi. Wakitaka waende hao hao. Wewe na mama mbaki chini. Kutoka gatini ngome inaonekana yote. Akitaka kuingia atasema mwenyewe, na akisema mfuate, hata kama ni kwa kupumzika kila hatua kumi.

Ila kabla hawajapanda, kaeni wote wanne mezani mkinywa chai ya asubuhi na umuombe mama kitu kimoja. Mwanao anapenda ngome. Basi msimulieni hii ya Conwy kwanza. Ilianza kujengwa 1283 na Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, miezi michache baada ya mtawala wa Wales, Llywelyn ap Gruffudd, kuuawa Desemba 1282. Mahali pale palikuwa na monasteri alikozikwa babu yake, Llywelyn Mkuu, na watu wa Wales walipaenzi. Mfalme akawahamisha watawa, akajenga ngome na ukuta wa mji kwa pamoja ndani ya miaka minne hivi, kwa kama pauni 15,000 za wakati ule, na ndani ya ukuta akawaweka walowezi kutoka Uingereza. Kuta zile zilipakwa chokaa zikawa nyeupe, na mabaki yake bado yanaonekana ukitazama karibu. Kisha Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, askari wakiwa kanisani, ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, wakaingia na watu wao wakaiteka.

Hapo mwachie mama. Muombe amsimulie mjukuu wake habari za Ngomeni: Wareno walivyoianza 1593, na Yusuf bin Hasan, mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno hao hao wakambatiza, alivyoingia mwaka 1631 akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome. Waomani walivyoizingira hadi wakaipata 1698. Waingereza walivyoifanya gereza, na mama alikuwa mtoto mdogo gereza lilipofungwa 1958. Hadithi ya Conwy na ya Mombasa zinafanana kiasi kwamba kijana atadhani mmepanga. Mama asimulie kwa Kiswahili, usifasiri. Kijana asipoelewa neno atauliza, na atamuuliza nyanya yake.

Llandudno, Caernarfon na Beaumaris zifute. Caernarfon ni zaidi ya nusu saa nyingine ya gari, Beaumaris nayo iko kisiwani Anglesey, na kote huko ni kushuka, kupanda, kutafuta choo. Ngome hizo zimekaa miaka 700, zitakungoja wewe na mumeo siku nyingine.

Nimeacha la mwisho lile zito. Maneno ya dirisha lazima uyaombee radhi, tena leo, usingoje safari. Ukiyaacha mpaka Conwy, safari nzima itakuwa fidia, na mama atajua. Usimletee zawadi wala usianze kujieleza habari ya uchovu. Ingia chumbani kwake baada ya isha siku usiyo na zamu, kaa chini sakafuni karibu na miguu yake, umshike yale magoti umkande, umwambie, "Mama, niwie radhi kwa neno nililokuambia." Atasema ameshasahau. Mwambie wewe hujasahau. Na umwambie ukweli mmoja: kwamba ulimsikia akizungumza na mama mdogo. Najua utaona haya. Lakini mama akijua umemsikia, hatalazimika kutafuta visingizio vya magoti na baridi, na wewe hutalazimika kumbembeleza. Kisha mwambie kuhusu safari mpya, isiyo na karatasi, uone atajibu nini. Akikataa tena hata hiyo, mpeleke mumeo na mtoto, wewe ubaki naye nyumbani siku zote mbili, simu imezimwa.

Mkitoka Conwy, mama atakuwa amebakiwa na wiki mbili na siku kadhaa. Likizo yoyote uliyobakisha kazini, hata siku nne, iombe kesho, iwe siku za mwisho kabla ya tarehe 20. Usimpangie kitu siku hizo. Mwache akuamshe asubuhi kwa sauti kubwa ya vyombo.